Kurasa za Maharagwe: Vitabu vya Mapishi kwa Chakula cha Kila Siku

Nikishika kitabu kipya cha mapishi dukani, siangalii kwanza picha ya biriani wala keki ya ghorofa tatu. Nafungua faharasa iliyo nyuma, natafuta maharagwe, kisha wali, kisha mboga za majani. Hivyo vitatu hupikwa katika nyumba nyingi za Kenya na Tanzania kati ya Jumatatu na Alhamisi, na mwandishi aliyevipita haraka hana msaada mkubwa kwa mtu anayeingia jikoni saa kumi na mbili na nusu jioni akiwa ndiyo kwanza ametoka kazini. Biriani huvumilia maelezo mabovu, kwa kuwa anayeipika amejitengea siku, ameita wasaidizi, na pengine yuko shangazi pembeni anayejua masala yameiva lini. Maharagwe ya Jumanne hayana shangazi.

Kwa kipimo hicho vitabu vingi vya kupendeza macho huanguka, na vichache visivyo na mvuto wa nje hupanda. Nitavitaja vile ninavyovitumia mwenyewe, katika jiko la gesi la kawaida hapa Nairobi, nikiwa na ulimi uliozoea ladha za Mombasa nilikolelewa. Vyote vimeandikwa kwa Kiingereza, na sitajifanya kwamba hilo si tatizo, nitalizungumzia mbele.

Ukurasa mzuri wa maharagwe hueleza mambo ambayo mpishi mzoefu huyajua kwa mkono lakini mgeni hawezi kuyakisia. Hueleza kwamba maharagwe yaliyokaa ghalani muda mrefu, hasa mahali penye joto na unyevunyevu, hugeuka magumu na huenda yasilainike hata yakichemshwa kutwa, hivyo saa zilizoandikwa kitabuni ni makadirio tu. Hueleza kwamba nyanya, ndimu na ukwaju hutiwa baada ya punje kulainika, kwa kuwa uchachu huzizuia kulegea. Hueleza kwamba magadi huharakisha kazi lakini huharibu vitamini B1 na, yakizidi, huacha ladha ya sabuni. Hutahadharisha kwamba maharagwe mekundu yana lektini inayoumiza tumbo vibaya yasipochemshwa sawasawa, na kwamba moto hafifu usiofikisha maji kwenye mchemko hauiondoi sumu hiyo. Na kama mwandishi ni makini kweli, atakumbuka kwamba si wote tunaoishi kando ya bahari. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi badala ya 100, na sufuria ya githeri, yaani mahindi na maharagwe, iliyokwisha kuiva Mombasa bado huwa inahesabu dakika huku juu. Sufuria ya presha hulitatua jambo hilo, kwa sababu mvuke uliofungiwa ndani hupandisha joto kupita nyuzijoto 110, lakini ni vitabu vichache vya mapishi vinavyotaja mwinuko wa mahali, na karibu vyote hukumbuka keki kuliko nafaka.

Kitabu cha kwanza ninachokipendekeza hakiuzwi. Kinaitwa Kenya Food Recipes, kilitolewa mwaka 2018 na Serikali ya Kenya pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, sambamba na majedwali ya virutubishi vya vyakula vya Kenya, na hupakuliwa bure kutoka tovuti ya shirika hilo. Hakikuandikwa ili kumfurahisha mpishi; kiliandikwa ili wataalamu wa lishe wajue kilichomo ndani ya sahani ya mukimo au bakuli la githeri, na kwa ajili hiyo ilibidi vyakula vipimwe kama vinavyopikwa na jamii zenyewe. Matokeo yake ni mapishi zaidi ya 100 yaliyoandikwa kwa gramu. Wanaopenda hadithi na picha za machweo watakiona kikavu, na kwa hakika ni kikavu. Viungo vyake ni vichache, sababu za mambo hazielezwi, na mafuta hutiwa kwa kiasi ambacho jamii hukitia, si kile ambacho daktari angependa. Lakini nani mwingine amekaa chini akapima kwa mizani vyakula ambavyo wengi wetu tumevirithi kwa kukadiria kwa jicho?

Faida kubwa ya kitabu hicho iko kwenye mboga za majani. Vitabu vya kigeni hujua spinachi, na siku hizi hujua sukuma wiki, basi. Hapa nyumbani tuna mnavu, kunde, mchicha, sagaa, mrenda na kisamvu, na kila moja ina tabia yake. Mnavu ni mchungu, na wapishi wa magharibi mwa Kenya huupunguza uchungu huo kwa kuuchanganya na majani mengine au kuutia maziwa. Mrenda huteleza kwa asili yake na haukaangwi kama mchicha. Kisamvu hakina mzaha, kwa kuwa majani ya muhogo yana kemikali zinazozalisha sianidi, na ni kutwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu, sufuria ikiwa wazi, ndiko kunakoyafanya salama. Nikiona mwandishi anayesema majani ya muhogo yakaangwe dakika tano kama spinachi, nakirudisha kitabu rafuni bila kusoma ukurasa wa pili.

Kitabu cha pili ni kinyume cha hicho kwa kila namna. Salt, Fat, Acid, Heat cha Samin Nosrat, kilichotoka mwaka 2017 kikiwa na michoro ya Wendy MacNaughton badala ya picha, hutumia sehemu yake yote ya kwanza kueleza mambo manne tu: chumvi, mafuta, uchachu na moto. Nosrat alijifunzia kazi katika mkahawa wa Chez Panisse huko Berkeley, California, na mapishi mengi yaliyo nyuma ya kitabu yana harufu ya huko, kwa hiyo siyapiki mara nyingi. Ninakipendekeza kwa ajili ya ile sehemu ya kwanza. Anayeisoma ataelewa kwa nini kuku aliyepakwa chumvi tangu jana huwa na ladha hadi mfupani, kwa nini maharagwe yatiwe chumvi tangu yanapoloweshwa, ilhali wengi wetu tumefundishwa kwamba chumvi huyafanya magumu, na kwa nini mchuzi uliopooza mara nyingi haudai chumvi zaidi bali ndimu.

Kwa mtu wa Pwani, sura ya uchachu itasomeka kama jambo alilolijua siku zote bila kulitafakari. Mishkaki hufuatana na ukwaju, pilau huja na kachumbari iliyokamuliwa ndimu, na embe mbichi huingia kwenye mchuzi wa samaki bila kuulizwa. Kitabu hiki humfundisha kulipeleka jambo hilo hadi pale ambapo mazoea hayakulifikisha. Kijiko cha maji ya ndimu kwenye pojo, yaani choroko, mara tu baada ya kuepua, hubadilisha sufuria nzima, na matone machache ya siki kwenye sukuma wiki hufanya kazi ambayo nusu kijiko cha chumvi ya ziada isingeifanya. Ni mabadiliko ya senti chache, na ndiyo yanayohitajika siku ambayo chakula ni kilekile cha juzi.

Sura ya mafuta inahitaji kutafsiriwa kichwani, kwa kuwa mwandishi ameegemea mafuta ya zeituni na siagi, na sisi tuna mafuta ya alizeti, samli na, zaidi ya yote, tui. Hata hivyo mantiki yake inasaidia. Tui ni mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, na yakichemshwa kwa nguvu hutengana nayo. Ndiyo maana wapishi wa Pwani hupikia kwa tui jepesi la pili na la tatu, kisha huitia kasimile, yaani tui zito la kwanza, mwishoni kwa moto mdogo huku wakikoroga ili lisikatike. Wapishi hao wana sheria na hawana maelezo, na Nosrat ana maelezo ambayo hakuwahi kuyaelekeza kwenye mbaazi za nazi. Nilipoyaweka mawili hayo pamoja, niliacha kuogopa kupunguza au kuongeza kiasi cha nazi kulingana na kilichopo ndani ya nyumba.

Kuhusu dengu, choroko, mbaazi na jamaa zao wote, sijapata mwalimu bora kuliko Madhur Jaffrey. An Invitation to Indian Cooking kilitoka mwaka 1973, na historia yake ndiyo inayonifanya nimwamini. Jaffrey alikulia Delhi bila kujua kupika, akaenda London miaka ya 1950 kusomea uigizaji, chakula cha huko kikamchosha, ndipo akamwandikia mama yake barua kuomba msaada, naye mama akamjibu kwa maelekezo ya mapishi. Mtu aliyejifunza kupika kwa barua hana mkono wa mtu mwingine wa kuutazama, kwa hiyo anajua ni swali gani litamjia mgeni akiwa amesimama mbele ya sufuria, na ndivyo anavyoandika hadi leo. Haambii msomaji akaange vitunguu mpaka viwe tayari; humwambia vitakuwa na rangi gani, vitachukua dakika ngapi na moto uwe wa namna gani.

Jikoni mwetu kitabu hicho hakiji kama mgeni. Chapati, sambusa, bajia na pilau zimekaa Afrika Mashariki kiasi kwamba hakuna anayeziomba pasipoti. Lakini kinachofaa zaidi siku ya kazi ni vitu vyake vidogo visivyo na sifa, kama vile dengu zilizochemshwa na manjano, kisha zikamwagiwa juu mafuta ya moto yaliyokaangiwa bizari nyembamba na pilipili kavu. Kazi yenyewe haina ugumu wowote, dengu nyekundu zilizokobolewa huiva kwa nusu saa au chini ya hapo bila kuloweshwa, na kwa wali au chapati chakula kimekamilika. Atakayekikuta kitabu chake cha mwaka 1982, Indian Cookery, alichokiandika sambamba na vipindi vya televisheni ya BBC, naye hatapotea; ni chepesi zaidi na kimepangwa kwa ajili ya wanaoanza.

In Bibi's Kitchen ni cha karibu zaidi na kwetu kwa jiografia, ingawa kilichapishwa Marekani mwaka 2020. Hawa Hassan, aliyezaliwa Mogadishu na kupelekwa Seattle akiwa mtoto baada ya familia yake kukimbia vita, alishirikiana na mwandishi Julia Turshen kukusanya mapishi na mazungumzo ya kina bibi kutoka nchi nane zinazopakana na Bahari ya Hindi au kuikaribia: Eritrea, Somalia, Kenya, Tanzania, Msumbiji, Afrika Kusini, Madagaska na Komoro. Baadaye kilipata tuzo ya James Beard, inayotolewa Marekani kwa vitabu vya mapishi. Wengi hukinunua kwa ajili ya mahojiano na picha, na ni halali yao, ila mimi ninakihesabu miongoni mwa vitabu vya siku za kazi kwa sababu kina bibi hao hawana muda wa madoido. Orodha za vitu ni fupi, sufuria ni moja au mbili, na chakula ni kile ambacho mtu hupikia watu wake. Shiro ya Eritrea, yaani mchuzi mzito wa unga wa dengu, iko mezani kabla simu haijamaliza kuchaji. Digaag qumbe, kuku wa Kisomali anayepikwa kwa nazi na mtindi, itamshangaza Mswahili aliyezoea kuku wa nazi bila maziwa, kisha itamshawishi.

Lipo jambo moja la kuangalia. Kwa kuwa msomaji aliyekusudiwa yuko Marekani, nazi humaanisha kopo, na kopo la kawaida ni mililita 400 hivi za tui zito. Mwenye nazi na mbuzi ya kukunia asimwage tui lake lote kwa mkupuo mmoja kama kitabu kinavyoelekeza, bali aanze na tui jepesi na kuiweka kasimile kando hadi mwisho. Wenye makopo wafuate kitabu.

Kitabu kingine huwa kinapatikana kwa bei ndogo kwa wauzaji wa vitabu vilivyotumika, na jalada lake halina mvuto wowote. More-with-Less cha Doris Janzen Longacre kilitolewa mwaka 1976 kwa niaba ya shirika la misaada la Wamenoniti wa Amerika Kaskazini, wakati ambapo dunia ilikuwa na upungufu wa chakula na shirika hilo lilikuwa limewaomba waumini wake wapunguze ulaji na matumizi ya chakula kwa asilimia 10. Ni mapishi takriban 500 yaliyotumwa na familia za kawaida, mengi yakitegemea kunde, nafaka na mboga, nyama ikiwa kidogo ya kutia ladha. Sehemu fulani zimezeeka, na kuna mapishi kadhaa ya kuoka katika bakuli, ya Marekani ya zamani, ambayo sioni sababu ya kuyafufua. Hata hivyo ndicho kitabu pekee kati ya hivi ninavyovitaja ambacho kimeyapa mabaki ya chakula nafasi yake kamili, kwa maelekezo mafupi yaliyotawanywa katika sura zake kuhusu cha kufanya na kilichobaki. Katika nyumba zetu kiporo ni chakula cha kweli, na githeri ya jana iliyokaangwa kwa kitunguu na nyanya leo asubuhi ina wapenzi kuliko githeri ya siku ya kwanza. Mwandishi anayejua kwamba siku mbili za sufuria moja ndiyo hesabu ya nyumba nyingi ameelewa kazi yake.

Nitaongeza pishi moja tu kutoka kitabu kikubwa cha Marcella Hazan, Essentials of Classic Italian Cooking cha mwaka 1992, kwa kuwa sitaki mtu anunue kurasa zaidi ya mia sita kwa ajili ya ukurasa mmoja. Ni mchuzi wa nyanya: nyanya mbivu zilizomenywa, kama gramu 900, vijiko vitano vikubwa vya siagi, kitunguu kimoja kilichokatwa vipande viwili, na chumvi. Vyote huwekwa sufuriani pamoja na kuchemka polepole kwa dakika 45, kisha kitunguu hutolewa. Hakuna kukaanga, hakuna kusimama jikoni. Nyanya zetu za msimu, ambazo hushuka bei sokoni hadi zinaharibika, hupata heshima yake hapa, na mchuzi huo huliwa kwa tambi, kwa viazi, au kwa mayai yaliyopasuliwa ndani yake.

Suala la vipimo linastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndilo linalowavunja moyo watu wengi wanaojaribu vitabu vya nje. Mwaka 1896 Fannie Farmer wa shule ya upishi ya Boston alitoa kitabu kilichoshikilia kwamba kikombe na kijiko vijazwe na kusawazishwa juu, na tangu hapo Wamarekani hupima kwa ujazo. Kikombe chao ni mililita 240 hivi. Kikombe cha vipimo vya metriki, kinachotumika Australia na kwingineko, ni 250, na kile cha plastiki kinachokuja na sufuria ya umeme ya wali kwa kawaida ni 180 tu, kwa kuwa kimefuata kipimo cha Kijapani. Anayesoma kitabu cha Marekani kuhusu wali huku akipimia kikombe hicho cha plastiki kwa mchele na bilauri yoyote kwa maji, atapata uji na kumlaumu mwandishi. Unga ni tatizo zaidi, kwa sababu kikombe kilekile huweza kubeba gramu 120 au 150 kulingana na jinsi ulivyochotwa, na tofauti hiyo inatosha kabisa kuzifanya chapati ziwe ngumu.

Dawa yake ni mizani ndogo ya jikoni, ambayo kwa maoni yangu inunuliwe kabla ya kitabu chochote. Ukishaipata, vitabu vinavyotoa gramu huwa vya kwanza kuaminika. Kwa vile vya Kimarekani, pika mara moja kwa vikombe vyao, pima ulichotia, na uandike gramu pembeni kwa kalamu. Kitabu cha mapishi kisichoandikwa maelezo pembeni ni cha mtu asiyepika. Kwa wenye tanuri, nyuzi 350 za Farenhaiti ni kama 175 za Selsiasi, nazo hujitokeza mara nyingi kiasi kwamba zinafaa kukaa kichwani. Kwa wasio na tanuri, ambao ni wengi, hiyo ni sababu nyingine ya kuhesabu ni kurasa ngapi za kitabu zinatumia jiko la juu kabla ya kutoa fedha.

Ninavyo vitabu vingine ninavyovipenda ambavyo sivipendekezi kwa shughuli hii. Jikoni cha Ravinder Bhogal, aliyezaliwa Nairobi na kuhamia Uingereza utotoni, kilichotoka mwaka 2020, kina ujasiri wa kuchanganya Afrika Mashariki, Uhindi na London katika sahani moja, na orodha za viungo zinazonifanya nikifungue Ijumaa jioni nikiwa na kikombe cha chai, si Jumatatu nikiwa na njaa. The Food of Oman cha Felicia Campbell, cha mwaka 2015, hakiwezi kuieleza Muskat bila kuitaja Zanzibar, na kwa mwenye ndugu pande zote mbili ni furaha tupu. Kwa chakula cha jioni cha haraka, kina machache.

Sasa suala la lugha. Mapishi kwa Kiswahili hayakosekani. Yamejaa kwenye video, kwenye makundi ya simu na kwenye kurasa za akina mama wanaouza vitafunio, na baadhi ya wapishi hao ni mahodari kuliko waandishi wengi niliowataja. Kisichopatikana kwa urahisi madukani ni kitabu cha Kiswahili kilichopimwa, kikajaribiwa na mtu wa pili, kikahaririwa na kuwekewa faharasa, kwa ajili ya chakula cha siku za kazi badala ya harusi na Idi. Video ina udhaifu ambao kitabu hakina. Huwezi kuipitia kwa jicho moja ukiwa na mikono yenye unga, na mpishi wake husema "chumvi kiasi" akijua kwamba unamwona. Dada yangu ametatua jambo hilo kwa daftari la kawaida la shule, ambalo kwangu ni kitabu cha saba katika orodha hii.

Utaratibu wake unafaa kuigwa. Akiona pishi linalompendeza, au mama yetu akipika kitu jikoni, huweka mizani chini ya bakuli kabla ya kila kiungo kuingia na kuandika gramu. Kwa viungo vya unga huandika kijiko kidogo na kama kimesawazishwa. Huandika ukubwa wa sufuria, kwa sababu maji hukauka haraka zaidi kwenye sufuria pana. Huandika alipopikia, kwa kuwa anaishi Mombasa na mimi niko Nairobi. Halafu huandika walaji walikuwa wangapi na kilichobaki, habari ambayo sijaiona katika kitabu chochote cha dukani, na ambayo ndiyo humwambia mtu anunue kilo ngapi za mchele. Mama hapendi kupimiwa mkono wake, na huwa anasema kwamba chakula kitaona haya, lakini mbaazi zake za nazi sasa zimo ndani ya daftari, zikiwa na gramu za nazi iliyokunwa, mililita za maji ya kuchuja kila tui, na maelezo kwamba kitunguu hakikaangwi bali huchemka nazo.

Kwa mwenye fedha za kitabu kimoja tu, ushauri wangu unategemea anachokijua tayari. Kijana anayehamia chumba chake cha kwanza, ambaye hajui kupika hata wali, apakue kile cha FAO na atumie fedha zake kwa mizani na sufuria nzuri yenye kitako kizito. Anayejua kupika lakini amechoshwa na ladha ileile anunue cha Nosrat, na asiruke sehemu ya kwanza. Nyumba inayopunguza nyama, kwa sababu ya bei au ya daktari, imtafute Jaffrey. Wanaoishi ughaibuni na watoto ambao hawajawahi kuiona Pwani wataanza vizuri na cha Hawa Hassan. Na kwa yeyote anayenunua kilichotumika, aangalie kwanza toleo ni la nchi gani, kwa kuwa matoleo ya Uingereza kwa kawaida hutumia gramu na Selsiasi na ya Marekani vikombe na Farenhaiti, hata pale ambapo jalada na jina la mwandishi ni yaleyale.